Kaa Ndani ya Jina: Asili ya Neno "Saratani" na Maana Yake kwa Mgonjwa wa Leo

Majibu ya kipimo cha kinyama yanapofika kliniki, mara nyingi huwapo neno moja ambalo kila aliyemo chumbani analifahamu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Mgonjwa huuliza, "Daktari, ni ule ugonjwa?" Ndugu aliyemsindikiza huomba kuzungumza na daktari pembeni kwanza. Mhudumu naye, kwa nia njema, husema "uvimbe" au "kidonda", na mgonjwa hurudi nyumbani akiwa hajui anachougua. Wapo pia wanaolisikia neno lenyewe, saratani, wakaondoka na wasionekane tena kliniki, kwa kuwa wameamini kwamba hukumu imekwisha kutolewa.

Neno hilo lina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Limepita katika Kigiriki, Kilatini, Kisiriaki na Kiarabu kabla ya kufika katika Kiswahili, na limepata wenzake katika Kirusi, Kipolandi, Kicheki na lugha nyingine za Kislavi. Kila lilikopita lilibeba jina la mnyama mmoja au la ndugu yake wa karibu: kaa. Kuifuata safari hiyo kuna faida ya kitabibu. Jina hili lilitolewa na matabibu ambao, kwa zana walizokuwa nazo, waliweza kuuona ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa tu. Hofu iliyomo ndani ya neno ni hofu ya hatua ya mwisho. Ugonjwa wenyewe, kama unavyojulikana leo, una hatua nyingi kabla ya hiyo.

Karkinos: kaa wa Wagiriki

Maandishi ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates, tabibu wa kisiwa cha Kos aliyezaliwa yapata mwaka 460 KK, yanatumia maneno mawili kwa uvimbe na vidonda visivyopona: karkinos, ambalo katika Kigiriki cha kawaida ni kaa, na karkinoma, lililotokana nalo. Katika maandishi hayo hayo umo ushauri kwamba saratani iliyofichika ndani ya mwili ni heri iachwe bila kutibiwa, kwa sababu waliotibiwa walikufa upesi kuliko walioachwa. Ushauri huo unaonyesha wazi ni wagonjwa wa aina gani waliokuwa wakifika mbele ya tabibu wa wakati ule.

Aliyeifafanua sura ya kaa kwa uwazi zaidi ni Galen, tabibu mzaliwa wa Pergamon aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2 BK. Aliandika kwamba katika titi mara nyingi huonekana uvimbe unaofanana na kaa: kama vile miguu ya kaa inavyotokeza pande zote mbili za mwili wake, ndivyo mishipa ya damu iliyotutumka inavyotokeza kuzunguka uvimbe huo. Galen aliamini kwamba chanzo ni nyongo nyeusi iliyozidi mwilini, na nadharia hiyo imeachwa zamani. Alichokiona kwa macho, hata hivyo, kilikuwa kweli. Uvimbe wa saratani unapokua huhitaji damu nyingi, na mishipa iliyo chini ya ngozi ya titi lenye uvimbe mkubwa huweza kutanuka hadi kuonekana.

Katika karne ya 7, Paulo wa Aegina alitaja sababu nyingine iliyokuwa ikitolewa na watu: ugonjwa huu hung'ang'ania mahali ulipokamata, kama kaa asiyebanduka kwa urahisi. Tangu hapo maelezo hayo mawili yamekwenda pamoja, la kwanza likiwa umbo lenye miguu na la pili likiwa tabia ya kushika bila kuachia.

Maelezo yote mawili ni sahihi kwa uvimbe uliochelewa. Mishipa haitutumki kuzunguka kivimbe chenye ukubwa wa punje ya choroko. Uvimbe haung'ang'anii ngozi wala misuli ya kifua mpaka uwe umeota kuelekea huko. Watu wa pwani wana methali isemayo, "Kaa akiinua gando, mambo yamekatika." Matabibu wa kale walimwona kaa ambaye gando lake limekwisha kuinuliwa, wakauita ugonjwa wote kwa jina la siku ile.

Cancer: kaa wa Warumi

Warumi walipoipokea tiba ya Kigiriki walikuwa na neno lao la kaa, cancer, nao wakalitumia kwa ugonjwa. Wanaisimu hulihusisha neno hilo la Kilatini na karkinos la Kigiriki pamoja na karkata la Kisanskriti, ambalo nalo ni kaa. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, alitumia cancer na pia carcinoma katika kitabu chake cha tiba, De Medicina.

Kwa mgonjwa wa leo, Celsus ana umuhimu wa pekee. Alieleza kwamba ugonjwa hupita katika daraja kadhaa, kuanzia hali ya mwanzo hadi uvimbe usio na kidonda, kisha kidonda. Akasema kwamba ni ile hali ya mwanzo tu inayoweza kuondolewa, na kwamba daraja zinazofuata huchochewa na matibabu badala ya kutulizwa. Kwa hiyo wazo kwamba mapema si sawa na baadaye lilikuwapo tangu karne hiyo. Kilichokosekana ni njia ya kuutambua mwanzo wenyewe, na Celsus alikiri kwamba ni muda na majaribio tu vinavyoweza kuutofautisha.

Cancer la Kilatini lilizaa watoto wengi. Kifaransa kilipata chancre, jina ambalo katika tiba limebaki kwa kidonda cha kwanza cha kaswende, ugonjwa usio na uhusiano wowote na saratani. Wanajimu walilitumia kwa kundi la nyota, na kwa njia hiyo vitabu vya jiografia vikapata Tropiki ya Kansa. Kupitia Kiingereza, neno hilo lilifika Afrika Mashariki likawa kansa.

Saratani: kutoka Baghdad hadi pwani ya Afrika Mashariki

Njia ya pili ilipita mashariki. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walitafsiri maandishi ya Galen katika Kisiriaki na Kiarabu. Hawakulichukua neno karkinos kwa sauti yake. Walitumia jina la kaa la lugha zao wenyewe, sartana katika Kisiriaki na saratan katika Kiarabu. Kaa alibadilisha vazi, naye akabaki kaa.

Ibn Sina, katika kitabu chake al-Qanun cha mwanzoni mwa karne ya 11, aliendeleza maelezo ya Galen kuhusu umbo na mishipa inayofanana na miguu. Mpasuaji al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, alikwenda mbali zaidi katika upande wa tiba. Alishauri kwamba saratani ikiwa ndogo, ya mwanzo, na ipo mahali panapowezekana kuikata yote, kwa mfano kwenye titi, ikatwe. Ikiwa kubwa na ya muda mrefu, isiguswe, kwani yeye mwenyewe hakuwahi kuiponya ya namna hiyo wala hakumwona aliyefanikiwa. Mpasuaji wa leo ana nusukaputi, mionzi na dawa ambazo al-Zahrawi hakuziota, ila kanuni ile ya ndogo na ya mwanzo ingali ndiyo kanuni yake.

Kiswahili kilichukua saratani kutoka Kiarabu pamoja na maana zake mbili. Katika elimu ya nyota ya Waswahili, Saratani ni mojawapo ya buruji 12, pamoja na Hamali, Asadi, Mizani na nyinginezo. Katika tiba, ni ugonjwa. Maana ya tatu, ile ya mnyama, haikuvuka bahari, kwa sababu mnyama huyo alikuwa na jina lake tayari. Hivyo mvuvi wa Tanga au Pemba anaweza kumtoa kaa tundumwe katika mikoko asubuhi, na jioni akasikia redioni habari za saratani, bila kujua kwamba ametajiwa kiumbe kile kile.

Leo Kiswahili kina makaa wawili walioingia kwa milango miwili: saratani kwa mlango wa Kiarabu na kansa kwa mlango wa Kiingereza. Wapo wagonjwa wanaodhani kwamba haya ni magonjwa mawili, moja dogo na moja kubwa. Mhudumu wa afya hana budi kuwaondolea shaka hiyo, kwani ni ugonjwa mmoja wenye majina mawili. Kiswahili kilikuwa pia na usemi wake, donda ndugu, kwa kidonda kibaya kinachoendelea kula mwili. Usemi huo haukumhitaji kaa, ila nao ulielezea ugonjwa uliokwisha kujitokeza nje.

Rak: mnyama wa mtoni katika lugha za Kislavi

Mataifa mengi ya Kislavi yalikulia mbali na bahari, katika nchi za mito, maziwa na misitu. Kaa wa baharini hakuwa kiumbe wao wa kila siku. Waliyemjua ni ndugu yake wa maji baridi, mnyama mwenye gamba gumu na magando mawili, mwenye mkia kama wa kamba, anayeishi chini ya mawe ya mito. Jina lake ni rak. Tiba ya Kigiriki na Kilatini ilipowafikia, walifanya kama walivyofanya watafsiri wa Baghdad: waliacha sauti ya neno la kigeni na kuichukua maana yake, wakauita ugonjwa kwa jina la mnyama waliyemfahamu. Wanaisimu huita mbinu hii tafsiri mkopo. Wajerumani walifanya vivyo hivyo kwa neno Krebs.

Hadi leo, katika Kirusi, Kiukraine, Kipolandi, Kibulgaria, Kiserbia na Kikroatia, rak ni mnyama na rak ni ugonjwa. Katika Kirusi na Kipolandi, Rak ni pia ile buruji ambayo Waswahili huiita Saratani. Mnyama huyo huchemshwa na kuliwa, na Mrusi anayeagiza sahani yake hotelini hutumia neno lile lile analoliogopa hospitalini. Wacheki na Waslovakia walitenganisha kidogo kwa kuongeza kiambishi: rak alibaki mnyama, na ugonjwa ukaitwa rakovina. Kaa wa baharini alipokuja kujulikana, Warusi na Wapolandi walimpa jina la kukopa, krab, kwa kuwa rak alikuwa tayari na kazi nyingi.

Hapa pana jambo la kitaalamu ambalo wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki wamewahi kukutana nalo. Madaktari wengi wa ukanda huu walisomea katika Umoja wa Kisovyeti, na wengine husoma Urusi na nchi jirani hadi leo. Katika lugha ya kitaalamu ya Kirusi na Kipolandi, rak haina upana wa neno saratani. Hutumika kwa uvimbe unaoanzia katika seli za epithelia tu, yaani zile zinazofunika ngozi, utando wa viungo vya ndani na tezi. Huo ndio ambao wanapatholojia duniani huuita kasinoma. Uvimbe hatari wa mfupa au msuli kwao si rak. Ni sarkoma, kutoka sarx la Kigiriki, maana yake nyama. Cheti cha hospitali ya huko kisichotaja rak kwa hiyo hakimaanishi kwamba mgonjwa hana saratani kwa maana ya Kiswahili. Mtafsiri wa cheti asipolijua hili anaweza kumpotosha mgonjwa na daktari wake mpya kwa pamoja.

Neno rak lilipata pia nafasi katika fasihi. Aleksandr Solzhenitsyn alitibiwa saratani mjini Tashkent katika miaka ya 1950, na riwaya aliyoitoa katika tajiriba hiyo, Rakovy korpus, ilichapishwa nje ya Umoja wa Kisovyeti mwaka 1968. Jina lake ni jina la jengo la wagonjwa wa saratani. Mmoja wa wahusika, akiwa anaingia kulazwa katika jengo hilo hilo, anataka kuhakikishiwa kwamba ugonjwa wake si rak. Desturi ya kumficha mgonjwa jina la ugonjwa ilikuwa imeenea katika tiba ya Kisovyeti, na haikuwa ya nchi hizo peke yake. Anayefanya kazi katika wodi za Afrika Mashariki atamtambua mhusika huyo mara moja, pamoja na ndugu wanaosema, "Daktari, tunakuomba mama asiambiwe."

Uvimbe, na sifa yake njema au mbaya

Sambamba na ukoo wa kaa, upo ukoo mwingine wa maneno ambao hauna mnyama. Wagiriki walitumia onkos kwa wingi au uvimbe, na kutoka hapo ikaja onkolojia, elimu ya saratani. Warumi walisema tumor, kutoka kitenzi cha kuvimba. Warusi husema opukhol, nalo limetoka katika kuvimba. Kiswahili kimepita njia ile ile bila kumwiga yeyote: kutoka vimba kikapata uvimbe. Wapolandi na Wacheki waliongeza maneno yenye maana ya "umbo jipya", nowotwór na novotvar, kwa kufuata neoplasma la Kigiriki. Maneno haya yanaeleza kinachotokea, yaani seli zimeongezeka mahali ambapo hazikutakiwa, bila kutoa hukumu.

Hukumu huja katika kivumishi. Kirusi huuita uvimbe usio saratani dobrokachestvennaya, maana yake "wenye sifa njema", na ule wa saratani zlokachestvennaya, "wenye sifa mbaya". Kipolandi husema złośliwy, neno linalotumika pia kwa mtu mwenye chuki na inda. Kilatini kilikuwa na malignus kwa maana iliyo karibu na hiyo. Kiswahili cha kliniki husema "uvimbe mbaya", na hapo ndipo mgonjwa huumia pasipo sababu. Mwanapatholojia anapouita uvimbe mbaya anataja tabia mbili: seli zake huweza kupenya katika tishu za jirani, na huweza kusafiri kwa damu au limfu hadi kiungo kingine. Kusafiri huko kunaitwa metastasisi, neno la Kigiriki lenye maana ya kuhama mahali. Hakuna katika ufafanuzi huo neno lisemalo "usiotibika". Mgonjwa anayesikia "mbaya" anapaswa kuelezwa mara moja kwamba mbaya ni tabia ya seli, si mwisho wa safari yake.

Saratani nyingine hazina kaa hata kidogo. Mwaka 1847, Rudolf Virchow aliupa ugonjwa wa seli nyeupe za damu jina lililoundwa kwa leukos, "nyeupe", na haima, "damu", ndiyo lukemia. Warusi waliutafsiri belokroviye, "weupe wa damu". Hakuna uvimbe wenye miguu hapo, na bado ugonjwa huo umo katika familia ya saratani. Mfano wa karibu zaidi ni limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliyeandika mwaka 1958 kuhusu watoto waliokuwa na uvimbe mkubwa wa taya. Uvimbe huo hukua haraka sana, kiasi kwamba anayeuona anaweza kukata tamaa. Ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa vizuri mno, na watoto wengi wanaowahi matibabu na kuyakamilisha hupona.

Kaa ambaye hajaondoka mahali pake

Kilichobadilika tangu enzi za Galen ni jicho. Mwaka 1838, Johannes Müller alionyesha kwa hadubini kwamba uvimbe wa saratani umeundwa na seli. Tangu hapo ugonjwa umeweza kutafutwa kabla haujaonekana kwa macho matupu. Hadubini ilipoona seli zenye sura ya saratani ambazo bado hazijapenya popote, wataalamu waliziita kwa Kilatini carcinoma in situ, yaani kasinoma "mahali pake". Kwa lugha ya asili ya neno, huyo ni kaa ambaye hajatembea. Hana miguu iliyonyooka, hajang'ang'ania kitu, na gando lake halijainuka. Hippocrates na Galen hawakuwa na njia ya kumwona.

Mlango wa kizazi ndio unaolionyesha jambo hili vizuri zaidi. Saratani yake husababishwa karibu daima na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya HPV. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ya mwili, kutoka maambukizi hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na virusi vya UKIMWI asiyepata tiba, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Katika kipindi hicho chote mwanamke hahisi maumivu, ila mabadiliko ya awali yanaweza kuonekana. Mhudumu hupaka siki ya kitabibu kwenye mlango wa kizazi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Inaweza kutibiwa kwa kugandishwa au kuunguzwa, mara nyingi siku hiyo hiyo, na mwanamke akarudi nyumbani. Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini Tanzania kwa wasichana mwaka 2018, humzuia kaa huyo asizaliwe.

Kwa titi hali inakaribiana. Uvimbe mdogo usiouma, ambao mwanamke ameugusa akioga, ndio wakati ambao Celsus alitamani kuujua na al-Zahrawi alishauri kuukata. Kwa bahati mbaya, kutouma ndiko kunakowafanya wengi wasubiri. Wanapofika kituo cha rufaa, ngozi imevutwa, chuchu imeingia ndani, mishipa imetokeza, na kwapani mna mitoki. Kaa wa Galen amekamilika. Kliniki inayopokea wagonjwa wengi wa hatua hiyo huendelea kuithibitishia jamii kwamba saratani ni kifo, na jamii inayoamini hivyo huendelea kuchelewa. Jina na ucheleweshaji hulishana.

Namna ya kulitamka neno

Kulificha neno hakujamponya mtu. Mgonjwa asiyejua anachougua hawezi kuelewa kwa nini aende Dar es Salaam kwa mionzi, kwa nini arudi kila baada ya wiki tatu kwa dripu, wala kwa nini asiache dawa anapopata nafuu. Wala kulitupa neno peke yake mezani hakutoshi, kwa sababu litajazwa na kila mazishi ambayo mgonjwa amewahi kuyahudhuria.

Njia iliyo bora huanza kwa kusikiliza. Mhudumu anaweza kusema, "Mama, kabla sijakueleza majibu, umewahi kusikia nini kuhusu saratani?" Jibu litamwonyesha ni kaa yupi anayeogopwa. Ndugu walio karibu washirikishwe kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Wakiomba afichwe, waelezwe kwa upole kwamba hofu yao inaeleweka, na kwamba mgonjwa ana haki ya kujua anachotibiwa. Kisha neno litamkwe wazi, mara moja, na lifuatwe papo hapo na mambo manne: saratani ya kiungo gani, ya aina gani, iko hatua gani, na kinachofuata ni nini. Neno lililoambatana na hatua inayofuata ni taarifa. Likitamkwa peke yake huwa tishio.

Ikiwa ugonjwa umechelewa, ukweli huo nao usipambwe. Tiba shufaa huondoa maumivu, hutuliza vidonda, na humpa mgonjwa nafasi ya kupanga mambo yake akiwa na akili timamu. Kumwahidi uponyaji usiokuwapo ni namna nyingine ya kumficha.

Mgonjwa na familia yake nao wana maswali yao ya kuuliza kabla ya kuondoka kliniki. Je, saratani hii imeanzia wapi? Imebaki mahali pake au imehama? Lengo la matibabu ni kuponya, au ni kupunguza makali? Siku ya kurudi ni ipi, na nikipata tatizo kabla ya siku hiyo nimwone nani? Mwenye majibu ya maswali haya anajua zaidi kuhusu ugonjwa wake kuliko jina lolote linavyoweza kumwambia.

Na kwa ambaye bado hajafika kliniki: uvimbe wowote mpya kwenye titi, kwapa au shingo, damu inayotoka ukeni baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, kinyesi au mkojo wenye damu, kupungua uzito bila sababu, chakula kigumu kukwama kooni, yote haya yanahitaji kuonwa na mhudumu wa afya mapema. Wengi watakaokwenda wataambiwa kwamba si saratani. Baadhi wataambiwa kwamba ni saratani, ila bado ipo mahali pake.

Kaa atabaki ndani ya jina, katika Kigiriki, Kirusi na Kiswahili. Mgonjwa anayeambiwa leo kwamba ana saratani anastahili kuambiwa pia kaa wake amefika wapi, kwa sababu wengi wao bado hawajainua gando.